Maji Yatulie, Tope Litue

Bonde letu la Kilombero ni bonde la maji. Mto Mnyera na mto Ruhudji inakutana, ndipo unazaliwa mto Kilombero. Masika yakikolea mto unafurika, na nchi yote ya tambarare inageuka kuwa ziwa. Tunalima mpunga kwa sababu ya maji hayo. Tunakula perege na kambale kwa sababu ya maji hayo. Mwaka 2002 bonde hili liliandikwa katika orodha ya dunia ya ardhioevu muhimu, chini ya mkataba wa Ramsar.

Lakini maji hayo hayo yako karibu mno na vyoo vyetu. Hapa Malinyi, sehemu nyingi ukichimba kidogo tu unakuta maji. Kisima kiko uani, na choo nacho kiko uani. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya choo na maji ya kisima yanaweza kukutana bila sisi kuona.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu kama milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, halafu wakachimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa na ya maana. Leo mambo yamesogea. Nyumba za bati zimeongezeka. Watu wanajenga vyoo vya kumwagia maji na vya kuvuta. Choo cha namna hiyo kinatoa maji mengi machafu kila siku. Basi swali la leo si kuchimba choo tu. Swali ni hili: maji hayo yakishatoka chooni yanakwenda wapi, na yanakwenda na nini?

Katika somo hili tutajifunza jambo moja: namna ya kutenga tope na maji. Tutaona jinsi miji mikubwa inavyofanya, halafu tutarudi nyumbani kwetu. Kanuni ni ile ile.

KAZI NI MBILI, SI MOJA

Majitaka ni maji yaliyotumika: ya chooni, ya bafuni na ya jikoni. Ndani yake mna mavi, mkojo, mafuta, sabuni na mabaki ya chakula. Mna pia vijidudu vya magonjwa kama kipindupindu na homa ya matumbo, na mayai ya minyoo.

Majitaka husafishwaje? Watu wengi wanadhani kuna dawa inayotiwa. Kwa kawaida si dawa. Wanaofanya kazi ni vijidudu wengine, wasioonekana kwa macho. Hao wanakula uchafu ulioyeyuka ndani ya maji. Wanaula, wananenepa, wanazaana. Uchafu unapungua, vijidudu wanaongezeka.

Sasa fikiri kidogo. Uchafu umekwenda wapi? Sehemu imegeuka kuwa hewa. Lakini sehemu kubwa imegeuka kuwa miili ya vijidudu. Miili hiyo bado imo ndani ya maji. Ukiyaachia maji hayo yaende mtoni hivyo hivyo, umepeleka uchafu ule ule, ila umebadilisha nguo.

Kwa hiyo kazi ni mbili. Kazi ya kwanza ni vijidudu kula uchafu. Kazi ya pili ni kuwatenga vijidudu hao na maji. Kundi lao likikusanyika pamoja tunaliita tope. Kazi ya pili isipofanyika vizuri, ya kwanza inakuwa ya bure.

SOMO KUTOKA KWENYE UNGO

Namna ya kutenga tope na maji si ngeni kwetu. Akina mama wanaijua.

Mama akipepeta mpunga anasimama penye upepo. Anamwaga mpunga kidogo kidogo kutoka juu. Punje nzito zinaanguka chini. Makapi mepesi yanachukuliwa na upepo. Upepo ukiwa wa kiasi, kazi inakwenda vizuri. Upepo ukiwa mkali mno, hata punje nzuri zinapeperushwa, na mama anaacha kazi mpaka upepo upungue.

Majitaka ni vivyo hivyo. Tope ni punje, linataka kuanguka chini. Mwendo wa maji ni upepo. Maji yakienda polepole, tope linaanguka na kukaa chini, na maji ya juu yanabaki meupe. Maji yakienda kasi, tope linabebwa na kutoka nayo.

Bonde letu lenyewe linatufundisha hivyo kila mwaka. Mto unapokuja kwa kasi kutoka milimani, maji yake ni mekundu kwa udongo. Yakifika tambarare yanatawanyika, yanapunguza mwendo, na udongo unatua mashambani. Ndiyo rutuba yetu hiyo.

Basi tangi la kutenga tope ni chombo cha kuyapa maji utulivu. Halina mashine ya ajabu ndani yake. Ni mahali ambapo maji yanaambiwa: tulieni.

TUFANYE JARIBIO

Hebu tujaribu katika kikundi chetu. Usitumie maji ya choo. Tumia maji ya tope kutoka shambani.

Chukua chupa 2 za lita 1 zinazoonyesha ndani. Jaza maji ya tope katika zote mbili. Zitikise. Chupa ya kwanza iweke mezani, usiiguse. Chupa ya pili mpe mtu aendelee kuizungusha polepole bila kuacha. Subiri dakika 30.

Utaona chupa ya kwanza ina tabaka. Mchanga uko chini kabisa. Juu yake kuna udongo laini. Juu zaidi maji yameanza kung'aa, ingawa hayajawa safi kabisa. Chupa ya pili bado ni uji.

Wafanyakazi wa mitambo ya majitaka hufanya jaribio kama hili mara kwa mara. Wanachota lita 1 ya maji yenye tope, wanaiweka katika chombo chenye alama, wanangoja dakika 30, halafu wanasoma tope limefika alama gani. Hapo wanajua kama tope lao linatua vizuri au lina matatizo.

KWA NINI TOPE LINATUA

Kijidudu mmoja ni mdogo sana. Ukiwapanga 1,000 kwa mstari, mstari wao utakuwa na urefu wa milimita 1 hivi. Mdogo kiasi hicho anaweza kuelea siku nyingi bila kufika chini. Sasa anatua vipi?

Jibu ni umoja. Vijidudu wanaosafisha majitaka wanatoa utelezi kama wa mlenda. Kwa utelezi huo wananatana, wanakuwa madonge madogo ambayo tunaweza kuyaona. Donge ni zito kuliko kijidudu mmoja, basi linaanguka. Vijidudu walio katika madonge wanatua. Walio peke yao wanatoroka na maji.

TOPE NI CHACHU

Jambo hili lilieleweka vizuri mwaka 1914 katika mji wa Manchester, Uingereza. Watu wawili, Edward Ardern na William Lockett, walitia majitaka katika chupa na kupuliza hewa ndani yake. Mara ya kwanza ilichukua kama wiki 5 mpaka maji yasafishike. Nani anaweza kungoja wiki 5? Mji mzima ungejaa majitaka.

Wao wakafanya jambo jepesi. Waliyaacha maji yatulie. Tope likatua. Wakamwaga maji ya juu, lakini tope hawakulitupa. Walilibakiza chini, wakaongeza majitaka mapya, wakapuliza hewa tena. Safari hii muda ulipungua. Wakarudia tena na tena, kila mara wakibakiza tope. Mwishoni maji yalisafishika kwa saa 24 au pungufu.

Mpishi wa pombe hatashangaa. Yeye akimaliza pombe anabakiza machicha kidogo. Pombe ya pili inaumuka upesi kwa sababu chachu ipo tayari. Tope la Manchester lilikuwa chachu, limejaa vijidudu hai wenye njaa. Ndiyo maana tunaliita tope hai.

Mitambo mingi ya miji mikubwa duniani inafanya kazi hivyo hadi leo. Tangi la kwanza linapulizwa hewa, vijidudu wanakula. Tangi la pili limetulia, tope linatua. Sehemu ya tope inarudishwa tangi la kwanza iwe chachu. Sehemu iliyozidi inatolewa, maana tope likirundikana mno litafika juu na kutoka na maji.

Unaona basi tangi la pili lina kazi mbili kwa mpigo. Linatoa maji meupe juu, na linahifadhi chachu chini. Likiharibika, mtambo mzima unalala njaa.

TUFANYE HESABU

Tangi liwe kubwa kiasi gani? Wengi watasema: lichimbwe refu kwenda chini. Si jibu kamili. Tuone.

Tuseme tuna tangi ambalo uso wake wa juu ni mita 1 kwa mita 1, yaani mita 1 ya mraba. Majitaka yanaingia chini na kutokea juu. Kila saa zinaingia lita 1,000. Maji ndani yatapanda mita 1 kwa saa.

Tuseme donge letu la tope linaanguka mita 2 kwa saa. Maji yanapanda 1, donge linashuka 2. Donge linashinda. Litafika chini.

Sasa mvua imenyesha. Maji ya mvua yameingia, na zinaingia lita 3,000 kwa saa. Maji yanapanda mita 3 kwa saa. Donge linashuka 2 tu. Donge limeshindwa. Linatoka na maji.

Tukipanua tangi, uso wake uwe mita 2 za mraba, zile lita 3,000 zitapanda mita 1 na nusu tu kwa saa. Donge linashinda tena.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, upana wa tangi ndio unaopunguza mwendo wa maji. Mhandisi Allen Hazen wa Marekani alilieleza jambo hilo mwaka 1904. Kina kina faida yake, maana kinatoa nafasi ya kuweka tope, lakini hakichukui nafasi ya upana. La pili, maji mengi ya ghafula ni adui wa tangi la kutulizia. Tukumbuke hilo, tutalihitaji tukifika nyumbani.

TOPE LINAPOGOMA

Wakati mwingine maji yametulia lakini tope halitui. Sababu ziko nyingi. Tutaje mbili.

Sababu ya kwanza ni vijidudu wa nyuzi. Hawa ni warefu kama uzi. Wakizidi, tope linakuwa kama pamba. Mfuko wa pamba na mfuko wa mpunga, upi mzito? Tope la pamba linachukua nafasi kubwa na linatua kwa shida. Mara nyingi linatokea hewa ikiwa pungufu au chakula cha vijidudu kikiwa si cha kufaa.

Sababu ya pili ni tope kukaa chini muda mrefu mno. Vijidudu walioko chini wanakosa hewa, wanaanza kutoa gesi. Mapovu ya gesi yanashika madonge na kuyainua juu. Ndipo unaona tope lililokuwa limelala linaibuka vipande vipande. Dawa yake ni kuliondoa mapema.

MABWAWA YA MIJI YETU

Mitambo ya kupuliza hewa inataka umeme mwingi na fedha nyingi. Kwa hiyo miji mingi ya Tanzania inatumia mabwawa. Morogoro wanayo Mafisa. Dar es Salaam wanayo Vingunguti. Moshi wanayo Mabogini. Majitaka yanaingia bwawa la kwanza, yanakwenda la pili, la tatu, na kuendelea. Jua, upepo na vijidudu vinafanya kazi.

Kutenga tope kunafanyika hapo pia. Bwawa la kwanza mara nyingi lina kina kirefu, na tope zito linatua humo. Mabwawa yanayofuata hayana kina kirefu, jua linaingia, na mwani unaota. Mwani unatoa hewa ya oksijeni kwa ajili ya vijidudu. Ndiyo maana maji yake ni ya kijani.

Mayai ya minyoo nayo yanatua, kwa kuwa maji yanakaa humo siku nyingi. Jambo hili linatuhusu sana sisi wakulima wa mpunga. Kule Mabogini, wakulima wanatumia maji yaliyotoka katika mabwawa kumwagilia mpunga wao. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: maji ya majitaka yanayotumika kumwagilia yasizidi yai 1 la mnyoo kwa lita 1. Mkulima anasimama katika maji hayo kutwa. Mayai yakiwa hayakutua bwawani, yatamfikia yeye na watoto wake.

Serikali nayo ina kipimo cha maji yanayoachiwa mtoni. Kwa kanuni za mwaka 2007, vitu vinavyoelea ndani ya maji hayo visizidi miligramu 100 kwa lita. Yaani katika lita 1,000 visizidi gramu 100.

Lakini bwawa si la kuachwa tu. Tope likijaa chini, nafasi ya maji inapungua. Maji yanapita kasi kutoka mlangoni hadi mlangoni, hayapati muda wa kutulia. Bwawa lisilotolewa tope ni mfereji tu.

TURUDI NYUMBANI: KARO

Malinyi hatuna haja ya kungoja mtambo wa mji ndipo tuanze. Mwenye choo cha maji anahitaji karo. Karo ni tangi lililojengwa chini ya ardhi kupokea majitaka. Wengine huliita chemba, wengine septiki. Baada ya karo kuna shimo la kunyonya, ambamo maji yanaingia ardhini.

Ndani ya karo kuna tabaka 3. Chini ni tope. Juu kabisa ni utando wa mafuta na vitu vyepesi. Katikati ni maji. Tunataka yatoke maji ya katikati peke yake. Kwa hiyo fundi aweke bomba la umbo la T mahali pa kutokea. Mdomo wake wa chini uingie ndani ya maji kiasi cha sentimita 30 hadi 40. Hapo utando hautatoka, na tope halitatoka. Karo zuri lina vyumba 2, cha kwanza kikiwa kikubwa zaidi.

Je, karo likijaa tope inakuwaje? Maji yanakosa nafasi ya kutulia. Tope linatoka na kuingia shimo la kunyonya. Linaziba vitundu vya udongo kama unga unavyoziba chekecheke. Maji yanakosa pa kwenda, yanatokeza juu ya ardhi. Hapo ndipo utasikia mtu akisema shimo langu limekufa, nichimbe jingine. Mara nyingi shimo halikuwa na kosa. Kosa ni tope lililoachwa karoni mpaka likatoroka. Shimo jipya ni gharama kubwa kuliko kutoa tope.

Na maji yale yaliyotokeza uani, nani anayakanyaga? Ni mtoto anayetambaa. Kipindupindu kilienea sana nchini mwaka 1977, na kilizuka tena kwa nguvu kuanzia Agosti 2015. Njia yake ni hiyo hiyo: mavi, maji, mkono, mdomo.

UTAJUAJE KAMA TOPE LIMEZIDI?

Chukua mti mrefu ulionyooka. Zungushia kitambaa cheupe upande wa chini, ukifunge vizuri. Funua mfuniko wa karo, rudi nyuma, ngoja hewa mbaya itoke. Usivute sigara wala kushika taa ya moto. Shusha mti mpaka uguse chini. Ngoja dakika chache. Upandishe taratibu. Palipokaa tope, kitambaa kitakuwa cheusi. Pima urefu wa weusi huo. Ukifika theluthi 1 ya kina cha maji, wakati wa kutoa tope umefika. Mti na kitambaa usivirudishe jikoni.

Unaweza pia kukadiria. Wahandisi hukadiria lita 40 za tope kwa mtu 1 kwa mwaka. Nyumba ya watu 6 itapata lita 240 kwa mwaka. Karo likiwa la lita 2,000, theluthi yake ni kama lita 660. Gawa 660 kwa 240. Utapata karibu miaka 3. Watu wakiwa 12, muda unakuwa nusu.

MAMBO YA KUSHIKA HAPA BONDENI

1. Toa tope wakati wa kiangazi. Masika maji ya ardhini yanapanda. Karo likiwa tupu linaweza kusukumwa juu na maji hayo, likapasuka. Baada ya kulitoa tope, lijaze maji.

2. Maji ya mvua kutoka paani na uani yasiingie karoni. Kumbuka ile hesabu ya lita 3,000.

3. Mfuniko uwe juu kuliko mafuriko yanapofika, na uzibwe sawasawa.

4. Kisima kiwe mbali, mita 30 au zaidi. Sehemu ya chini ya shimo la kunyonya iwe juu ya maji ya ardhini, angalau mita 1 na nusu. Mahali ambapo haiwezekani, usichimbe shimo. Mwone afisa afya mzungumzie njia ya kuinua, kwa mfano tuta la mchanga na kokoto juu ya ardhi.

5. Mtu asiingie ndani ya karo kamwe, hata likionekana tupu. Gesi ya humo inaua kwa dakika chache. Mara nyingi anakufa wa kwanza, na ndugu anayeingia kumwokoa anakufa pia. Tumia gari la kunyonya majitaka au pampu, ukiwa nje.

6. Usilisafishe karo likang'aa. Bakiza tope kidogo. Ni chachu ya vijidudu.

TOPE LIKISHATENGWA

Tope si la kumwaga mtoni wala katika jaruba la mpunga. Mayai ya minyoo hayakufa, yametua tu. Kwa kweli tope lina mayai mengi kuliko majitaka yenyewe, maana ndipo yalipokusanyika.

Katika Kampala, Uganda, kuna kituo cha Lubigi kilichofunguliwa mwaka 2014. Magari ya kunyonya vyoo yanamwaga huko. Tope linatua katika matangi, halafu linaanikwa katika vitanda vya mchanga. Maji yanayobaki yanapelekwa mabwawani.

Kijijini, kama gari halifiki, tope lifukiwe katika shimo mahali palipoinuka, mbali na kisima na mto. Kwa joto la kwetu likae zaidi ya mwaka 1 bila kuongezwa jipya. Miaka 2 ni salama zaidi. Baada ya hapo limekuwa udongo, na linafaa kupandia miti.

JIHADHARI NA MAJI MEUPE

Neno la mwisho. Maji yaliyotengwa tope ni meupe kwa macho. Si salama kwa tumbo. Vijidudu vya magonjwa walio peke yao hawakutua, bado wamo. Usiyanywe, usiyaogee, usioshee mboga. Kutenga tope ni hatua kubwa, lakini ardhi, jua na muda vinatakiwa kumaliza kazi. Na maji ya kunywa tuyachemshe kila siku, hata ya kisima tunachokiamini.

Ndugu msomaji, somo letu unaweza kulifupisha hivi: vijidudu wanakula, utulivu unatenga, na sisi tunatoa tope kwa wakati wake. Asiyetoa tope lake, jirani atalipokea kisimani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tunasema kusafisha majitaka ni kazi mbili?

2. Kupepeta mpunga na kutenga tope vinafanana vipi? Upepo ni nini, na punje ni nini?

3. Ardern na Lockett walipata faida gani kwa kutolitupa tope?

4. Nyumba ina watu 8, na karo lina lita 2,400. Theluthi ya karo itajaa tope baada ya muda gani?

5. Katika kitongoji chetu, ni makaro mangapi hayajawahi kutolewa tope? Tufanye nini kabla ya masika?

MANENO YA KUKUMBUKA

Majitaka: maji machafu yaliyotumika nyumbani au kiwandani.

Tope hai: tope lenye vijidudu wengi wanaosafisha majitaka.

Kutua: kushuka na kukaa chini.

Karo: tangi la chini ya ardhi la kupokea majitaka.

Shimo la kunyonya: shimo la kuingizia ardhini maji yaliyotoka karoni.